Mfuko Namba Tisa Juu ya Mtiki

Mwaka nilioolewa Ngonga, mtiki wa baba mkwe wangu ulitoa maua kwa mara ya kwanza. Watu wa nyumba ile waliona kuolewa kwangu ni jambo kubwa na maua ni jambo la kawaida. Mimi niliona kinyume chake, lakini nilikuwa mgeni, kwa hiyo nilinyamaza kwa siku mbili nzima.

Siku ya tatu nikamwambia mume wangu. Yeye ni mwalimu wa hesabu, mtulivu, anayeweza kukusikiliza huku anasahihisha madaftari. Nilimwambia kwamba mtiki ulio nyuma ya jiko la mama yake, kati ya kakao na migomba, ndio mti bora wa mbao niliouona tangu nianze kazi, na kwamba nataka kuupanda hadi juu kila siku kwa wiki tatu.

Akaweka kalamu chini. "Mti wa baba?"

"Mti wa baba."

"Basi tuna tatizo," alisema, "na si la maua."

Kazi yangu ni kuzalisha miti ya mbao. Nachagua baba na mama wa miti, nawakutanisha, kisha nasubiri miaka mingi kujua kama nilikosea. Mitiki ina tabia moja inayowapa taabu watu wa kazi hii. Maua yake hutoka kwenye ncha kabisa ya shina. Mti ukitoa maua, ncha ile imekwisha kazi. Matawi mawili ya pembeni hushika nafasi yake na shina linagawanyika kama manati. Mtiki unaowahi kutoa maua ni mfupi wa mbao. Unaochelewa hupanda moja kwa moja, mwaka baada ya mwaka, bila kugeuka. Sasa fikiria mkulima anayetafuta mbegu: anaokota wapi? Chini ya mti unaozaa mapema na kwa wingi. Ndivyo tunavyopanda watoto wa miti ya manati kizazi baada ya kizazi, halafu tunalaumu udongo.

Mtiki wa baba mkwe ulipandwa mume wangu akiwa darasa la kwanza. Mpaka mwaka ule ulikuwa haujawahi kutoa ua hata moja. Shina lake lilikwenda juu bila panda, bila kugawanyika, mpaka ukitaka kuona mwisho wake unashika kilemba. Mafundi walikuwa wameshautolea macho, na baba mkwe alikuwa ameshauahidi kwa kanisa la kijijini: milango na mabenchi. Ungekatwa mvua zikiisha. Mwaka uliotangulia, kabla hata sijachumbiwa, nilichukua vikonyo vyake nikavipeleka kwenye kituo chetu cha utafiti kuviunganisha kwenye miche mingine. Vyote vilikauka. Kwa hiyo zilibaki mbegu, za msimu mmoja tu, na baada ya hapo mabenchi.

Tatizo alilolisema mume wangu linaitwa ukutila. Kwa Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe wanaogopana kwa heshima. Hawaangaliani, hawaongei, hawapishani njiani. Mmoja akisikia mwenzake anakuja, anaingia migombani. Wengi siku hizi wameacha. Nyumba niliyoolewa haikuwa mojawapo ya hao wengi. Katika miezi yangu ya kwanza nilikuwa nimeuona mgongo wa baba mkwe mara mbili na kofia yake mara nyingi.

Mimi nimekulia Muheza, na nina ugonjwa wa kuuliza. "Nani aliamua hivi?" nilimuuliza mume wangu. "Na kwa ushahidi gani kwamba inasaidia?"

"Wewe msibani kwenu ulinikataza kuvaa kaptula," alisema. "Nani aliamua?"

"Hiyo ni tofauti."

"Andika tofauti yake hapo ubaoni, nione hatua zote."

Aliyetatua ni mama mkwe. Yeye aliona kosa kubwa kuliko yote si kuukaribia mti, ila mkamwana kukaa juu ya kichwa cha baba mkwe. Akalichukua jambo hilo chumbani kwao, akarudi na makubaliano. Kila siku saa nne asubuhi baba angekwenda mashambani, kwenye mpunga, akae huko mpaka saa nane. Akirudi angekohoa mara tatu kwenye daraja la mti lililo mwanzo wa njia yetu. Mimi nikisikia, nishuke. Na juu ya suruali nivae khanga.

"Juu ya mti, mama? Nani ataniona?"

"Mti," alisema.

Tukajenga jukwaa la mianzi. Kila alfajiri bodaboda alinipeleka Busale, kwenye mtiki mwingine nilioukusudia uwe baba. Huo haukuwa umenyooka sana, lakini ulikuwa umesimama mzima mahali ambapo wenzake wote walitobolewa na wadudu. Nilichuma maua yake yaliyokuwa yanafunguka, nikayaweka kwenye kikopo chenye pamba iliyoloweshwa, nikarudi mbio. Ua la mtiki ni jeupe, dogo kuliko punje ya mahindi, na linaishi siku moja tu. Saa tano hadi saa saba mchana liko tayari; jioni limeanguka. Kabla ya saa hizo nilikuwa nimeshakaa juu, nikiwa na kibano, nang'oa vijiti vya kiume vya kila ua ili mti usijichavushe. Kisha nagusisha chavua ya Busale, naandika, navuta mfuko wa kitambaa chepesi juu ya shada lote na kuufunga kwa uzi wa bluu. Mifuko ilikuwa kumi na miwili, kila mmoja na kibao chenye namba. Kazi ya mfuko ni moja: kuwazuia nyuki. Kandokando ya barabara ya Ngonga kuna mitiki mingi ya manati, yote ilikuwa na maua, na nyuki wadogo wasiouma walikuwa wanatoka huko kuja kwangu kama watu wa mnadani.

Bosi wangu, mtu wa Bukoba aliyehamishiwa Mbeya, alinipa sharti moja kwa simu. "Mama wa mbegu tunamjua, tunamwona. Baba ndiye lazima tuwe na hakika naye. Mfuko mmoja ukifunguka, tupa huo mmoja. Mfuko ukifunguka na hujui ni upi, tupa yote kumi na miwili."

Nilimwelewa. Ningesema hivyo hivyo.

Wiki ya tatu, zikiwa zimebaki siku chache maua yaishe, malaria ikaniangusha. Ijumaa na Jumamosi sikuweza kusimama. Ijumaa jioni upepo ulitoka ziwani na mvua ya Kyela, ile isiyoanza taratibu. Nililala nikihesabu mifuko kichwani. Jumapili nikapanda. Mifuko yote kumi na miwili ilikuwa imefungwa, uzi wa bluu mahali pake. Nilishuka nikasema asante kwa sauti, ingawa sikujua namwambia nani.

Ilipita zaidi ya miezi miwili. Mpunga ulikuwa unavunwa, na matunda ya mtiki yalikuwa yamevimba ndani ya mifuko, mviringo, yenye manyoya. Siku moja mimi na mama mkwe tulikuwa tunapasua kakao. Alikuwa ananisimulia habari za mkwe mwingine, mvivu, wa nyumba ya jirani, na katikati ya habari hiyo akasema, "Tena wewe baba yako anakupenda. Si alipanda mwenyewe siku ile unaumwa, akakufungia kimfuko chako kilichofunguka."

Kisu changu kikakwama kwenye kakao. "Mfuko upi, mama?"

"Kimoja."

"Kimoja tu?"

Akaniangalia usoni kujua napenda jibu gani. "Au viwili. Unataka vingapi?"

"Nataka ukweli."

"Basi kimoja. Lakini kama viwili ni vizuri zaidi, basi viwili."

Mama mkwe wangu si mwongo. Ni mtu aliyelelewa kutomnyima mgeni kitu, hata jibu. Nilikwenda mtini hapo hapo. Nilikagua vifundo vyote na sikuona tofauti. Tatizo lilikuwa mimi: nilipofunga nilikuwa nimejishikilia kwa mkono mmoja, na kila fundo langu lilikuwa na sura yake. Miaka mitatu ya chuo na sikuwa na fundo moja ninaloweza kulitambua kuwa langu.

Sikumpigia bosi siku ile. Nilijua atasema nini, na nilijua atakuwa na haki. Nilikaa chini ya ule mti nikawaza mabenchi. Watu wangekalia mti ule Jumapili baada ya Jumapili, na watoto wake wangekuwa wametupwa kwa sababu mzee mmoja alifanya wema kimya kimya. Nilikasirika. Kwa nini hakumwambia mtu siku ile ile? Jibu lilikuwa wazi: kitu cha mkamwana hakiguswi. Alikigusa, akaona aibu, akanyamaza. Mtu mwingine yeyote pale kijijini angekuja kunitangazia na kudai soda.

Mume wangu alijitolea kwenda kumuuliza. Alirudi baada ya dakika tano.

"Amesema hakumbuki kugusa kitu cha mkwe."

"Anakumbuka."

"Anakumbuka sana," alisema. "Lakini hawezi kukiri hilo kwa mtoto wake."

Jioni ya pili mama mkwe akaniita. Nadhani aliona nilivyoacha ugali. "Saa kumi na moja baba hulisha nguruwe," alisema huku anakung'uta ungo. "Banda liko nyuma ya jiko hili. Wewe na mimi tutakuwa humu tunapika. Ukuta wa mianzi una matundu. Hilo si kosa la mtu."

Saa kumi na moja tukawa jikoni. Nilisikia ndoo, kisha kikohozi, mara tatu. Kisha mkoromo wa furaha wa nguruwe jike.

Mama mkwe akapaza sauti. "Wewe nguruwe, kuna mtu ana shida humu. Anataka kujua mambo ya mfuko."

Pumba zikamwagwa.

"Nguruwe," sauti ya mwanaume ikasema, nzito, na ya upole kuliko nilivyotegemea, "mwambie huyo mtu pole na malaria."

"Ndaga," akajibu mama mkwe kwa niaba yangu, yaani asante. Kisha akaninong'oneza, "Ameshasema. Umeridhika?"

"Mama, muulize ni mingapi."

"Nguruwe, ni mingapi? Miwili, si ndiyo?"

"Usimwambie jibu, mama," nilinong'ona.

"Nguruwe, si miwili?"

"Nguruwe anasema anachoambiwa na mama," ikasema sauti ile. "Huyo ukimpa majibu anayameza."

Nilisogea ukutani. Sikuchungulia. Niliugeuzia mgongo ule ukuta, ili hata kwa bahati mbaya nisione, na nikasikia sauti yangu ikitoka nyembamba kama ya mwanafunzi. "Nguruwe. Mifuko ilikuwa na vibao vyenye namba. Ule uliofunguka ulikuwa namba ngapi?"

Mama mkwe alishika mdomo. Upande wa pili ndoo ikawekwa chini. Nilidhani ameondoka.

"Nguruwe," hatimaye alisema, "mwambie sikuwa na miwani."

Nikaona yote kumi na miwili imeshatupwa.

"Lakini mwambie mimi nimepanda michikichi tangu sijaota ndevu. Nikiwa juu nahesabu. Upande wa ziwani, kutoka chini, tawi la tatu. Uzi wake ulikatika kwa upepo. Nimeuunga kwa unyuzi wa mgomba, kwa ndani, chini ya kitambaa. Nilitaka usionekane."

"Nguruwe, ni huo tu?" nikauliza.

"Ni huo tu. Mingine nimeipita kwa macho, mikono nyuma."

"Ulikaa wazi muda gani?"

"Upepo ulikuja Ijumaa jioni. Mimi nilipanda Jumamosi mvua ilipokatika, kama saa sita. Nyuki walikuwamo. Niliwafukuza kwa kofia."

Niliona picha ile: mzee juu ya jukwaa langu, anawapungia kofia nyuki waliokwisha kumaliza kazi yao. Nikaanza kucheka, na nikaziba mdomo kwa khanga.

"Nguruwe," akauliza, "kwani nimeharibu?"

Mama mkwe alikuwa anajiandaa kumjibu kwamba hapana, hata kidogo. Nikamwahi. "Nguruwe, mwambie sijui bado. Akiwa amesema kweli, hakuharibu."

"Mkwe gani huyu," alinong'ona mama, "anamtilia shaka baba yake mbele ya nguruwe." Lakini ukutani nilisikia mguno mfupi ambao mpaka leo naamini ulikuwa kicheko.

Kesho yake saa nne na nusu nilikuwa juu. Upande wa ziwani, kutoka chini, tawi la tatu: mfuko namba tisa. Nikakunja ukingo wa kitambaa. Chini yake kulikuwa na unyuzi wa mgomba, mkavu, uliofungwa fundo dogo safi ambalo halikuteleza hata nilipolivuta kwa nguvu. Nilikaa pale juu mpaka miguu ikafa ganzi. Nilimpigia bosi kutoka huko huko mtini, nikamweleza yote, isipokuwa nguruwe.

"Una hakika mingine haikuguswa?"

"Sina hakika. Nina neno la mtu."

"Unaliamini?"

Nilitaka kusema naliamini. "Nataka tulipime," nilisema.

Mvua zikaisha. Mzee wa kanisa alikuja kuulizia mbao, na baba mkwe akamjibu kwamba mti una mimba, na kwamba yeye hajawahi kusikia mtu aliyekata kitu chenye mimba. Habari hiyo niliipata kwa mama, ambaye aliisimulia kwa kujivunia. Mti ulisubiri mpaka matunda yakakauka. Nilivuna kila mfuko peke yake, nikayaloweka matunda na kuyaanika, kuyaloweka na kuyaanika, maana ganda la mbegu ya mtiki ni gumu kama kichwa cha mbishi. Yaliyoota hayakuwa mengi. Yalipotoa majani nilikata kipande cha jani la kila mche, nikakikausha na kukituma maabara kupimwa vinasaba, pamoja na jani la mama na jani la yule baba wa Busale.

Wiki zile sikuwa mtu wa kuishi naye. Mume wangu aliniuliza kama nimewahi kuamini kitu chochote bila kukituma maabara. Nilimwambia nilimwoa yeye bila vipimo. Akasema wanawake hawaoi, tena tulipima, kanisani walitutaka vyeti.

Majibu yalikuja nikiwa kwenye foleni ya mashine ya kukoboa mpunga, kelele zimejaa, vumbi la pumba limenikalia kope. Ujumbe wa bosi ulikuwa mfupi. Mifuko kumi na mmoja, miche yote: baba ni wa Busale, hakuna mwingine. Mfuko namba tisa: miche michache ya Busale, iliyobaki ni ya baba wengine wasiojulikana. Nilikaa juu ya gunia la mtu. Mwenye gunia akaniuliza kama kuna msiba. Nilimwambia hapana, nimeambiwa ukweli tu, akasogea akanipa nafasi zaidi.

Mti ulikuwa umeshakatwa mwezi mmoja kabla ya hapo. Sikwenda kuuona ukianguka. Nilikuwa jikoni, nikasikia msumeno wa mashine, kisha ardhi ikagonga. Nilikuwa nimejiandaa kulia. Badala yake nilihisi kama mtu aliyekwisha kuvuka mto na sasa anaangalia daraja linachukuliwa na maji. Mabenchi yapo kanisani. Ni marefu, ya ubao mmoja mmoja, na nikiyakalia huwa napitisha kidole ukingoni kutafuta panda. Sijaipata. Najua pia kwamba huenda unyoofu ule ulitokana na kivuli cha migomba tu, mti ukiwa unatafuta jua, na kwamba watoto wake wanaweza kuwa manati kama wengine. Tutajua baadaye sana. Shaka hiyo ni ya kazi yangu, nalala nayo vizuri. Ile nyingine, ya neno la mzee, ilikuwa inaninyima usingizi.

Miche ya mfuko namba tisa bosi alisema niichome. Niliileta nyumbani, nikaiacha kandokando ya banda la nguruwe bila kusema neno. Asubuhi niliikuta imepandwa kwa mstari, kila mmoja umefungwa kwenye kijiti chake kwa unyuzi wa mgomba. Nilisubiri saa nne, baba mkwe avuke daraja kwenda mpunga. Nikachuchumaa kwenye mche wa kwanza, nikalifungua fundo lake taratibu, nikalifunga tena. Halikufanana. Nikafungua la pili. Ilinichukua karibu wiki nzima ya saa nne asubuhi, mche kwa mche, mpaka vidole vikaelewa pale unyuzi unapojipitia chini yake wenyewe kabla ya kukazwa. Kila jioni alipita akakaza yale niliyoyaharibu, na hakusema kitu kwa mtu.

Msimu uliofuata nilipata mtiki mwingine mchelewaji, huko Talatala. Mifuko ishirini, yote niliifunga kwa fundo lile. Mvua ya ziwani ilikuja mara nne, mara mbili na upepo. Siku niliyomaliza nilirudi nyumbani kama saa kumi na moja, nikasikia ndoo nyuma ya jiko. Nikaingia, nikaugeuzia ukuta mgongo.

"Nguruwe," nikasema, kwa sauti ya kutosha, "hakuna hata mmoja uliofunguka."